Kusamehe Si Kufuta Kesi



Nimepokea barua ya mama mmoja mjane, ambaye hapendi jina lake wala la kijiji chake litajwe gazetini. Mama huyu alikuwa na cherehani. Kwa cherehani hiyo alishona sare za watoto wa shule, na kwa sare hizo aliwasomesha watoto wake wanne. Usiku mmoja kijana wa jirani alivunja mlango wa banda, akaibeba, akaiuza mjini kwa bei ya kutupa. Kijana alikamatwa, akashtakiwa, na sasa yuko nje kwa dhamana akingoja kesi kuendelea. Tangu hapo wazee wa ukoo wake wamemjia mama mara tatu. Hawakuja na cherehani, hawakuja na fedha, wala hawakuja na kijana mwenyewe. Wamekuja na maneno tu: "Mama, wewe ni Mkristo, samehe. Futa kesi, tuyamalize nyumbani." Naye aniuliza hivi: nikikataa, je, nimetenda dhambi?

Namjibu mapema, asije akakosa usingizi mpaka mwisho wa ukurasa: La, mama yangu, hukutenda dhambi. Lakini jibu hilo peke yake halitoshi, maana najua wapo wengi wenye swali kama lake. Katika ofisi ya parokia mtu husikia mengi. Watu huja kuandikisha ubatizo, wakimaliza cheti wanaketi, na ndipo wanapoanza kueleza kilichowaleta hasa.

Wazee wale wamechanganya mambo matatu katika chungu kimoja. Kusamehe ni jambo la moyo. Hilo Bwana wetu alituagiza, wala hakuna anayeweza kumfanyia mwingine. Kupatana ni jambo la watu wawili, nalo haliwezekani kama mmoja amejificha nyuma ya mjomba wake. Kufuta kesi ni jambo la mahakama. Mama aweza kumsamehe kijana leo jioni katika sala zake, na kesho asubuhi akaenda kutoa ushahidi wa kweli, wala hakuna mgongano wowote kati ya hayo mawili.

Tena nawakumbusha wazee hao mafundisho tuliyoyapata wote tulipokuwa watoto wa katekisimu. Mtu aliyeiba akienda kuungama, padre hamwondolei dhambi kisha akamwachia na mali ya watu. Lazima arudishe, au alipe thamani yake, kadiri awezavyo. Sheria ya Musa katika kitabu cha Kutoka ilidai ng'ombe watano kwa ng'ombe mmoja aliyeibwa na kuchinjwa au kuuzwa, na kondoo wanne kwa kondoo mmoja. Zakayo, aliyekuwa mfupi wa kimo lakini si mfupi wa akili, aliahidi kurudisha mara nne, na aliahidi hayo mbele ya watu nyumbani kwake, bila kumtuma mzee wa ukoo. Basi anayemwomba mjane msamaha bila kutaja cherehani ameisoma Injili nusu ukurasa.

Sasa nataka kuwatetea wazee hao kidogo, maana hofu yao si ya bure. Wanajua kijana akifungwa itakuwaje. Serikali itamlisha na kumlinda kwa kodi zetu. Mkewe atabaki na mtoto mgongoni, na jirani wa kwanza kuombwa unga atakuwa ni huyo huyo mjane aliyeibiwa. Kijana atalala chumba kimoja na watu waliobobea katika wizi, naye atajifunza. Siku atakaporudi, atarudi kijijini hapo hapo, njia ile ile, kisima kile kile, na mama atakuwa bado hana cherehani. Kwa hesabu hiyo gereza limemwumiza mkosaji, lakini halikumponya aliyekosewa. Sisemi magereza yafungwe. Wapo watu ambao wakiachiwa huru jirani zao hawatalala. Nasema tu kwamba kifungo siyo dawa ya kila ugonjwa, na hasa siyo dawa ya kijana wa kosa la kwanza aliyeiba kitu chenye bei inayojulikana, kwa mtu anayejulikana.

Kuna habari moja ya kweli ambayo nimeirudia mara nyingi katika semina za vijana, nayo yafaa niieleze hapa kwa urefu.

Katika nchi ya Kanada, jimbo la Ontario, upo mji mdogo uitwao Elmira. Mwaka 1974 vijana wawili wa hapo, mmoja wa miaka 18 na mwingine wa miaka 19, walilewa, wakazunguka usiku wakiharibu mali za watu. Walikata matairi ya magari, wakavunja madirisha, wakaenda nyumba hata nyumba kwa muda wa saa mbili hivi. Kulipopambazuka watu 22 walikuwa wamepata hasara. Hawakuiba kitu cha kuwafaa. Walikuwa wakiharibu tu, na ulevi ndivyo ulivyo. Walikamatwa, wakashtakiwa kwa makosa 22, wakakiri yote.

Katika wilaya hiyo alikuwako ofisa wa probesheni jina lake Mark Yantzi, aliyekuwa akifanya kazi hiyo kwa kujitolea chini ya kamati ya Kanisa la Mennonite. Hao ni Wamennonite wale wale ambao ndugu zetu wa Mara wanawajua tangu walipofika Shirati mwaka 1934. Yantzi na mwenzake Dave Worth waliona kwamba hukumu ya kawaida haitaleta amani yoyote katika mji mdogo ambamo kila mtu anamjua mwenzake. Yantzi akamwandikia hakimu, Gordon McConnell, pendekezo lisilo la kawaida: vijana hawa wapelekwe wakaonane uso kwa uso na watu waliowaharibia. Hakimu mwanzoni hakuona njia ya kufanya hivyo kwa sheria. Baadaye akakubali, akaahirisha kesi kwa mwezi mmoja ili vijana wazunguke.

Basi wakazunguka. Yantzi na Worth walifuatana nao, lakini hawakuwasemea. Vijana wenyewe ndio waliobisha hodi, ndio waliosema, "Ni sisi tuliofanya," na wale wakubwa wawili wakasimama kando na madaftari yao wakiandika hasara ni kiasi gani na bima imelipa kiasi gani. Watu 21 walionekana. Mmoja alikuwa amehama. Wengine waliwasamehe pale pale mlangoni. Wengine waliwaka kwa hasira, wakatamani kuwachapa. Nadhani hapo ndipo penye uchungu wa adhabu yenyewe, maana mahakamani mshtakiwa humtazama hakimu ambaye hakumkosea kitu, lakini mlangoni anamtazama mama aliyelala na hofu tangu siku ile. Mahakamani ataweza kuinamisha kichwa na kumwachia wakili aseme. Mlangoni hakuna wakili.

Hesabu ilipojumlishwa, hasara yote ilikuwa dola 2,189 na ushei, na karibu nusu yake bima ilikwisha kulipa. Hakimu akawatoza faini ya dola 200 kila mmoja, akawaweka chini ya uangalizi kwa miezi 18, na akawaamuru kulipa wenyewe hasara iliyobaki, kila mmoja si zaidi ya dola 550. Baada ya miezi michache walirudi mlango kwa mlango kwa mara ya pili, safari hii mikononi wana hundi. Mmoja wa vijana hao, miaka mingi baadaye, alikuwa chuoni akisomea mambo ya sheria, akasikia kesi ya Elmira ikisimuliwa jinsi ilivyoanzisha mwenendo mpya ulimwenguni. Kumbe ni kesi yake mwenyewe! Akaenda kujitolea katika shirika la upatanishi la Kitchener, mji ulio karibu na hapo.

Kutoka Elmira desturi hiyo ilienea. Mwaka 1978 ilianza Elkhart, Indiana, huko Marekani. Mwaka 1989 New Zealand ilitunga sheria ya watoto na vijana, ambayo kwayo kijana aliyekosa huketi pamoja na familia yake na aliyekosewa kabla ya mambo kuamuliwa, na wenyewe wanakiri kwamba wamejifunza kwa Wamaori, wenyeji wa nchi hiyo, waliokuwa wakikutana kama ukoo. Mtu wa Afrika akisikia hayo hucheka, maana mabaraza ya wazee chini ya mti tunayajua tangu babu zetu. Kweli tunayajua. Lakini tusijisifu upesi, maana tumesahau sehemu moja: katika mabaraza yale ya zamani mkosaji aliletwa, akasema, akalipa. Siku hizi wengi wetu tumebakiza soda na maneno matamu.

Wataalamu nao wamepima. Mwaka 2013 yalikusanywa matokeo ya majaribio 10 yaliyofanywa kwa uangalifu katika nchi kadhaa, yakaonyesha kwamba mikutano ya uso kwa uso yapunguza kurudia makosa, ingawa si kwa kiasi kikubwa sana, na waliokosewa huridhika zaidi kuliko wale waliopita njia ya mahakama peke yake. Sina haja ya kuongeza chumvi. Ni faida ya wastani, lakini kwa mjane mwenye banda tupu faida ya wastani si neno dogo.

Sasa turudi nyumbani Tanzania. Watu wengi hudhani kwamba hakimu ana milango miwili tu, wa gerezani na wa kutokea. Sivyo. Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002 yampa nafasi, katika makosa yasiyostahili kifungo cha zaidi ya miaka mitatu, kumwamuru mkosaji afanye kazi ya umma bila malipo, kama kusafisha hospitali, kupanda miti au kutengeneza shule, huku akilala nyumbani kwake. Kabla ya hapo ofisa huchunguza tabia na maisha ya mkosaji na kumletea hakimu taarifa. Upo pia uangalizi wa maofisa wa probesheni. Hakimu aweza hata kumwachia mkosaji kwa sharti kwamba asitende kosa jingine kwa muda usiozidi miezi 12. Na kwa watoto, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kabisa mtoto kuhukumiwa kifungo cha gereza.

Lakini hapa nina neno. Kazi ya umma yailipa hospitali na yailipa shule, haimlipi mama wa cherehani. Kijana aweza kufyeka majani ya zahanati miezi sita, mama akapita akamwona, akaenda zake bila sindano wala uzi. Kwa hiyo ni lazima kukumbuka kwamba mahakama yaweza pia kuamuru fidia kwa aliyeumia. Jambo hili si upendeleo wa hakimu mwema. Katiba yetu, katika ibara ya 107A, yaziagiza mahakama kutoa fidia ipasavyo kwa watu wanaoathirika kutokana na makosa ya wengine, na vile vile kukuza usuluhishi. Maagizo hayo mawili yamepangwa yakifuatana, fidia kwanza na usuluhishi baadaye. Sijui kama walioandika walikusudia mpango huo, ila mimi naupenda.

Kuhusu kufuta kesi, yafaa mama ajue kwamba hawezi kuifuta kwa neno lake tu. Jinai hushtakiwa kwa niaba ya Jamhuri. Katika makosa madogo ya watu binafsi, kama kupigana bila kuumizana sana, sheria yairuhusu mahakama kuwahimiza wenye kesi wapatane, pengine kwa fidia, na shauri likaishia hapo. Hata katika mahakama ya mwanzo mlalamikaji akitaka kujiondoa, ni mpaka mahakama iridhie. Kuvunja nyumba usiku na kuiba si ugomvi wa kilabuni. Kwa hiyo wazee wanamwomba mama atoe kitu ambacho hakimo mkononi mwake, na kile kilichomo mkononi mwao, yaani kijana na deni lake, hawakitoi.

Nimefika mahali ambapo sitaki mtu anielewe vibaya. Yapo makosa ambayo neno "tuyamalize nyumbani" ni uovu juu ya uovu. Binti akinajisiwa, kisha baba na mjomba wakaketi na jamaa za mnajisi wakapokea ng'ombe au fedha, hapo hakuna upatanisho. Ni kuuza machozi ya mtoto, na fedha hazimfikii hata mtoto mwenyewe. Anayeijua habari kama hiyo aende polisi au ustawi wa jamii, hata kama mtuhumiwa ni mtu wa heshima kanisani. Hapo hasa. Kadhalika mke anayepigwa kila juma asilazimishwe na jumuiya kushikana mikono na mumewe mbele ya watu, halafu jioni akarudishwa kwenye fimbo ile ile. Upatanisho wataka watu wawili wanaoweza kusema bila kuogopana.

Na mauaji? Mwaka 2013 Mahakama Kuu ya Nairobi iliondoa shtaka la kuua, baada ya familia mbili kupatana kwa fidia kufuata desturi na dini yao. Waliounga mkono walitaja Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 159, inayohimiza upatanishi na njia za jadi. Waliopinga waliuliza, tajiri ataogopa nini tena? Mimi, kwa upande wangu, niko pamoja na waliopinga. Aliyekufa hakuketi katika kikao kile.

Wengine watanitajia Rwanda, ambako baada ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994 mahakama za gacaca zilihukumu karibu mashauri milioni mbili mpaka zilipofungwa mwezi wa Juni 2012, na wengi waliokiri walipunguziwa vifungo wakatumikia sehemu kwa kazi za umma, kama kujenga barabara na matuta ya kuzuia mmomonyoko. Ni kweli. Lakini Rwanda haikuchagua njia ile kwa kuwa ni nyepesi. Magereza yalikuwa yamefurika, na kwa mwendo wa mahakama za kawaida wengi wangekufa kabla ya kuhukumiwa. Tena gacaca nazo zililaumiwa, kwa kuwa washtakiwa hawakuwa na mawakili na mashahidi wengine walitishwa. Jambo kubwa kama hilo halifai kupimiwa cherehani moja.

Basi, mama yangu, nakushauri hivi. Wazee wakija mara ya nne, wakaribishe, wape maji ya kunywa, kisha waambie: "Sikatai kupatana. Mleteni kijana." Akija, asiketi nyuma ya watu. Aseme kwa kinywa chake alichofanya na aliyemwuzia. Usikutane nao peke yako. Awepo mwenyekiti wa jumuiya au katekista, na mtu mmoja asiye wa ukoo wako wala wa kwao. Thamani ya cherehani itajwe kwa bei ya leo ya dukani, na ziongezwe siku ulizokaa bila kazi, maana hizo nazo zimeibwa. Iandikwe karatasini nani atalipa, kiasi gani, na tarehe gani, nakala mbili. Kama ukoo unampenda kijana hata ukaja kwako mara tatu, umpende pia kwa kuchanga, ila yeye mwenyewe afanye kazi awarudishie. Usitie sahihi karatasi yoyote isemayo kwamba umekwisha kulipwa kabla hujalipwa.

Karatasi hiyo ipelekeni mahakamani, msiifiche. Mwambie hakimu waziwazi: tumekubaliana hivi, amelipa kiasi hiki, bado kiasi hiki. Hakimu ataamua kama apunguze adhabu, ampe kazi ya umma, au afanye vingine kama aonavyo sheria yampasa. Na ukiulizwa kama ni kijana huyu aliyeiba, sema kweli. Wasipokuja, au wakija tena na maneno matupu, siku ya kesi vaa nguo zako za Jumapili, uende.

Jambo moja la mwisho ambalo mama aliliandika pembeni mwa barua, kwa herufi ndogo, kana kwamba aona aibu. Anasema mke wa kijana amekuja kumwomba unga, naye alimpa. Auliza kama alifanya upumbavu. Mama, kwa hilo huhitaji ushauri wa karani.

Juma lijalo, Mungu akipenda, nitajibu barua tatu zinazogombania mahari.